Hadithi za usiku zilizovuka ziwa pamoja nasi



Mwezi uliopita mmoja wetu aliyeko kambini alituletea swali ambalo halijanitoka kichwani. Anajitolea kwenye eneo la watoto, na aliambiwa awahimize wazazi wawasimulie watoto hadithi kabla ya kulala. Mama mmoja akamjibu hivi: "Mwanangu, mgao umepunguzwa, kuni hakuna, taa sina. Hadithi itamshibisha nani?" Mwenzetu akakosa la kusema. Akatuuliza sisi.

Hata mimi siku ile sikuwa na jibu. Mimi si mwanasaikolojia wala mwalimu. Ila nimekulia kwenye hadithi za usiku, kambini na nje ya kambi, na nimejaribu kufuatilia zimetoka wapi na zimefanya kazi gani kwenye mwambao huu wetu wa Tanganyika. Kwa hiyo ninachowaletea hapa ni historia. Naona yule mama ana haki kabisa ya kuuliza. Naona pia kwamba bibi zetu waliulizwa swali hilohilo na maisha, wakiwa na njaa kuliko sisi, na jibu lao tunalo.

Usiku wa giza na usiku wa mwezi

Kwa wasioijua, Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge, kwenye barabara inayofuata ziwa kuelekea Nyanza-Lac. Upande mmoja una maji, upande mwingine una milima. Katikati kuna michikichi, mashamba ya mihogo, na kipande cha msitu wa asili kinachoitwa msitu wa Kigwena, ambao unalindwa na serikali. Burundi imebakiwa na misitu michache sana ya namna hiyo huku chini kando ya ziwa. Ushikeni huo msitu akilini, nitaurudia.

Watu wa hapa wanaishi kwa mawese, mihogo na ndagala, wale ambao Watanzania wanawaita dagaa. Ndagala anavuliwa usiku, kwa taa. Samaki wanafuata mwanga, wanakusanyika chini ya mtumbwi, wavu unawazoa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haimvuti samaki. Kwa hiyo wavuvi wanafanya kazi usiku wa giza, na mbalamwezi ikija wanapumzika, wanashona nyavu.

Jambo hili limepanga maisha ya nyumbani toka zamani. Usiku wa giza baba hayupo. Watoto wanabaki na mama na bibi, na kila mtu anajua kwamba upepo ukibadilika huko majini, kesho kunaweza kuwa na kilio. Hapo ndipo hadithi ilipokuwa na kazi. Mtoto hawezi kulala akisikiliza upepo, lakini akisikiliza sauti ya bibi analala. Usiku wa mwezi ulikuwa mwingine kabisa. Baba yupo, watoto wako uani, ni vitendawili na kelele. Kwa Kirundi mmoja anasema "Sokwe!", wengine wanajibu "Niruze!" Jirani anayetumia Kiswahili naye anatupa "Kitendawili!", watoto walewale wanaitikia "Tega!" Hakuna aliyeona kwamba amebadilisha lugha.

Mchana hapakuwa na hadithi. Bibi yangu alitutisha kwamba anayesimulia jua likiwaka ataota mkia. Tukiwa wadogo tulikuwa tunajipapasa mgongoni kuhakikisha. Kumbe ilikuwa sheria ya kazi tu. Mchana ni wa shamba, na hadithi ni tamu, ikianza hakuna atakayeshika jembe.

Sungura na Samandari

Mwambao huu una lugha mbili. Kirundi ndicho cha nyumbani na cha milimani. Kiswahili kilikuja na biashara ya ziwa kutoka Ujiji katika karne ya 19, kikaweka makazi Rumonge, Nyanza-Lac na baadaye mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura. Ndiyo maana mtoto wa Rumonge alipewa Sungura na mkono mmoja na Samandari na mkono wa pili.

Sungura mnamjua wote. Samandari, kwa wenzetu Wakongo na wengine, ni mtu wa hadithi za Kirundi. Ni mjanja, mcheshi, ana mdomo usioogopa, anamwambia mkubwa ukweli kwa njia ambayo mkubwa anacheka kwanza ndipo anagundua amesemwa. Mpaka leo wapenzi wa vitabu Bujumbura wana klabu yao ya fasihi yenye jina lake. Sungura na Samandari wanafanana kwa jambo moja. Wote ni wadogo mbele ya wenye nguvu, na wote wanapona kwa akili. Mtoto anayesikia hivyo kila usiku anafundishwa kitu bila kuhubiriwa.

Na msidhani hizi ni porojo za wanawake jikoni, kama wengine wanavyosema. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizozisikia kwa watu wa Unguja. Mwaka 1956, kwa Wanyanga wa mashariki ya Kongo, msimuliaji Shé-Kárisi Rureke alitamba utenzi wa Mwindo kwa siku 12, Daniel Biebuyck na wenzake wakiandika, na mwaka 1969 ukatoka kitabu kinachosomwa vyuoni hadi leo. Hapa Burundi padri Rodegem alikusanya methali na masimulizi ya Kirundi kwa miaka mingi. Wasomi waliandika, lakini mali ilikuwa ya watu wa jioni. Bibi yako akianza "hapo zamani za kale" bila kalamu wala karatasi, yuko kwenye kazi ileile ya Rureke.

Mwaka moto ulipozimwa

Sasa nafika mahali pagumu. Nitasema kwa kifupi, kwa sababu humu tuko watoto wa pande zote na kila nyumba ina marehemu wake.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kwenye mwambao wetu huu huu, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua watu, wengi wao Watutsi. Halafu serikali ya Micombero ikajibu nchi nzima kwa mauaji ya Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 100,000 na kupanda. Makumi ya maelfu walivuka kwenda Tanzania, Zaire na Rwanda. Warundi wanakiita kipindi hicho *Ikiza*, neno la janga kubwa lisilo na jina lingine.

Katika hadithi za usiku kulitokea mambo mawili.

Waliobaki walinyamaza. Kumlilia aliyechukuliwa ilikuwa hatari, kwa hiyo watoto walikua wakijua kuna mtu hayupo lakini hawajui kwa nini. Wazazi wengi wakaogopa hata kupeleka watoto shule, maana waliona waliosoma ndio waliotangulia kuchukuliwa. Nyumba ambayo jina la babu halitajwi inakuwa na kimya kizito, na mtoto anakisikia hata kama haelewi.

Waliovuka walisema sana. Wengi waliwekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo, huko magharibi ya Tanzania. Mwaka 1985 na 1986 mtafiti Liisa Malkki aliishi Mishamo akisikiliza watu, kisha akaenda kusikiliza Warundi wa Kigoma mjini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Alikuta kambini historia inasimuliwa tena na tena, karibu kwa maneno yaleyale, kama somo: nani mwema, nani mwovu, sisi ni nani. Mjini alikuta kinyume, watu wanaficha walikotoka, wanachanganyika, wanataka maisha yaende.

Nilipoijua habari hiyo nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza. Maana bibi yangu alipita Mishamo. Na yeye hakufanya la kwanza wala la pili. Alikuwa na njia ya tatu.

Ndege wa msituni

Bibi alikimbia Kigwena mwaka 1972 akiwa mama kijana. Alikaa Ulyankulu, akahamishiwa Mishamo. Mwaka 1993 Ndadaye aliposhinda uchaguzi, alirudi na wanawe kama wengi walivyorudi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo rais akauawa, wakakimbia tena, safari hii wakaishia kambi ya Mtabila, Kasulu. Mimi nilizaliwa pale.

Nyumba yetu Mtabila ilikuwa ya tope, juu turubai. Kuni zilikuwa shida, na mama zetu walizifuata mbali kwa hofu. Kwa hiyo moto ulizimwa mapema, tukala gizani, tukalala mapema. Watoto sita kwenye mkeka mmoja. Bibi alikuwa analala ubavuni, upande wa mlango, na kila usiku tulidai hadithi moja.

Palikuwa na mama mwenye watoto watatu. Zimwi likaja kijijini. Mama akakimbilia ziwani, lakini mtumbwi ulikuwa mdogo, unabeba watoto wawili tu. Yule wa tatu, msichana, alikuwa amekimbilia msituni. Miti ikamhurumia, ikamgeuza ndege ili zimwi lisimwone. Mama akapiga kasia huku akiapa kwamba atarudi. Tangu hapo kila usiku ndege anaita, "Mama, umefika wapi?"

Na sisi sita, kwenye giza, tulitakiwa kujibu kwa sauti moja: "Yuko njiani!"

Bibi aliita mara tatu, tukajibu mara tatu. Ya tatu ilijibiwa na wawili tu, wengine wamelala. Hadithi haikuwa na mwisho. Nilimuuliza mara moja, mama alifika? Akasema, "Bado anapiga kasia. Lala."

Mwishoni mwa 2012 Mtabila ilifungwa, na zaidi ya watu 30,000 tukarudishwa Burundi kwa wiki chache tu. Nilikuwa na miaka 13. Shamba letu la Kigwena lilikuwa na watu wengine, ambao nao walipewa na watu wengine, mambo mnayajua, Rumonge nzima ina kesi hizo. Baada ya vikao vingi tuligawana. Lakini kabla ya kikao cha kwanza, asubuhi ya pili tu baada ya kufika, bibi alinishika mkono tukatembea hadi ukingo wa msitu. Alisimama. Akaita jina la mtu, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Halafu akasema, "Nimefika."

Nilielewa palepale. Hakuna aliyenieleza.

Usiku ule alituita sisi wakubwa, akatuambia yote, kwa maneno ya kawaida. Alikuwa na watoto watatu. Wakati wa kukimbia yule wa pili, msichana wa miaka sita, alishika njia ya msituni na wenzake. Mtumbwi haukuweza kungoja. Hakumwona tena wala hakusikia kaburi lake liko wapi. Kwa miaka 40 alikuwa anamtaja kila usiku mbele ya watoto, na sisi tulikuwa tunamjibu, na tulilala vizuri.

Kagunga, 2015

Mwaka 2015 tulikimbia tena. Nchi ilichafuka kuanzia Aprili, uvumi ukawa mwingi kuliko habari, na watu wa mwambao wakaanza kuondoka kwa mitumbwi. Tulifikia Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji. Mwezi Mei walijaa pale makumi ya maelfu ya watu, wamelala mchangani. Kipindupindu kikaingia. Njia rahisi ya kutoka ilikuwa meli ya MV Liemba, ambayo mnaijua: Wajerumani waliishusha majini Kigoma mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kubeba watu wa ziwa. Ilikuwa inachukua mamia kwa safari moja, inarudi, inachukua tena. Sisi tulisubiri zamu usiku mbili.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka mitano. Hakulia mchana. Usiku ndipo alianza kutetemeka, anashika nguo ya bibi, hataki kufumba macho. Bibi mwenyewe alikuwa mgonjwa wa miguu na alikuwa anakimbia nchi ile kwa mara ya tatu maishani. Akaanza, "Palikuwa na mama mwenye watoto watatu." Watoto wa familia jirani, ambao hatukuwajua, wakasogea.

Ila safari hii mwisho ulikuwepo. Baada ya "Yuko njiani" ya tatu bibi aliendelea: mama alipiga kasia mpaka nywele zikawa nyeupe, akafika msituni, akaita. Ndege hakuweza kurudi kuwa mtoto. Lakini alikuja akatua kwenye bega la mama yake, akajua kwamba hakusahauliwa.

Mdogo wangu akauliza, "Na sisi tutafika?" Bibi akasema, "Tuko njiani." Akalala. Nilikaa macho mimi, nikimwangalia anavyopumua. Hatukuwa na chakula, hatukuwa na kitanda, hatukujua kesho. Alilala kwa sababu sauti aliyoizoea ilisema maneno aliyoyazoea kwa mpangilio aliouzoea. Mengine yote yalikuwa yamebadilika.

Kutoka pale tulipelekwa Kigoma, kisha Nyarugusu. Tulirudi Kigwena baadaye, baada ya safari za hiari kuanza. Bibi alirudi nasi. Amelala hapa sasa, si mbali na msitu.

Wataalamu wanasemaje

Najua humu kuna wafanyakazi wa mashirika, nao wanapenda kuuliza ushahidi uko wapi. Nimesoma kidogo, niwaletee matatu.

La kwanza ni la usingizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, na muda wa kukaa kitako unashauriwa uwe wa kusomewa au kusimuliwa hadithi na mlezi. Simu na televisheni zisizidi saa moja, na zikipungua ni bora zaidi. Angalieni hawakusema "kitabu" peke yake, wamesema kusimulia pia. Yaani mama asiyejua kusoma hajaachwa nje.

La pili ni la lugha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1988 uliwafundisha wazazi wasisome tu, bali wamuulize mtoto maswali na kumwacha aongee wakati wa kitabu cha picha. Baada ya mwezi mmoja watoto hao walikuwa wanazungumza vizuri kuliko wale waliosomewa kama kawaida. Niliposoma hapo nikakumbuka "Yuko njiani!" Bibi hakwenda shule hata siku moja, lakini alijua mtoto lazima ajibu. "Sokwe – Niruze", "Kitendawili – Tega", zote zinamlazimisha mtoto afungue mdomo.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitunga maswali 20 kwa watoto: unajua babu na bibi yako walikulia wapi? Unajua jambo baya lililowahi kuipata familia yenu? Watoto waliojua zaidi kuhusu ukoo wao walionekana kujiamini zaidi na kuona kwamba maisha yao yako mikononi mwao. Tusitie chumvi, zilikuwa familia chache za Marekani, na kujua majibu peke yake si dawa. Pengine kinachosaidia ni kule kukaa pamoja mpaka mtoto akajua. Lakini Duke alisema kuna namna tatu za kuisimulia familia. Kuna "tulikuwa chini, tumepanda". Kuna "tulikuwa na kila kitu, tumepoteza". Na kuna ya tatu, "tumepanda, tumeanguka, tumepanda, na muda wote tulikuwa pamoja". Hiyo ya tatu ndiyo inayomjenga mtoto zaidi.

Sisi wakimbizi tumezoea ile ya pili. Tunawasimulia wadogo zetu tulichopoteza. Wengine wetu tunaongeza na nani wa kulaumiwa, kila usiku, mpaka mtoto wa miaka sita anamchukia mtu ambaye hajawahi kumwona. Na wengine tunanyamaza kabisa. Bibi alikuwa na njia nyingine, na nadhani ndiyo urithi tunaopaswa kuushika. Usiku mpe mtoto hadithi anayoweza kulala nayo. Weka ukweli ndani yake, kwa kipimo cha umri wake. Akikua, mwite pembeni, mwambie yote kwa majina yake. Ukimnyima ya kwanza hatalala. Ukimnyima ya pili utakuwa umemdanganya.

Tufanye nini sasa

Nirudi kwa yule mama wa kambini. Ana haki. Hadithi haishibishi, na yeyote anayepeleka hadithi mahali pa chakula anatania watu. Pia kuna watoto ambao hadithi haitawatosha, wanaopiga kelele usizini, wanaokojoa kitandani wakiwa wakubwa, walionyamaza kabisa tangu walipofika. Hao wapelekwe kwa wanaojua kuwasaidia, na msione aibu.

Ila kwa wafanyakazi wa mashirika nina ombi. Msimwambie mama tu "simulia". Muulizeni kwanza anahitaji nini ili aweze. Mama aliyerudi na kuni saa moja usiku hana pumzi ya hadithi. Mkipunguza umbali wa kuni, mkileta taa moja ya jua, mmeshamsaidia kusimulia. Vitabu vya picha ni vizuri, leteni, lakini kabla ya vitabu tafuteni bibi na babu waliomo humo kambini, wamekaa bure na hakuna anayewauliza kitu. Na tafadhali, msimlazimishe mtoto asimulie vita yake mbele ya wageni ili picha ipatikane. Mwacheni asimulie ya Sungura. Akiwa tayari, vita itatokea yenyewe ndani ya Sungura, kama ya bibi ilivyotokea ndani ya ndege.

Kwa sisi vijana: simu zetu ndizo zinazowalaza watoto siku hizi. Hapa Kigwena naona hivyo, mama anachambua ndagala mpaka usiku, kaka mkubwa anampa mdogo simu ili anyamaze. Siwalaumu, hata mimi nimefanya. Lakini simu haimuulizi mtoto "umefika wapi?" na kungoja ajibu. Dakika kumi zinatosha. Kwa lugha yoyote mliyo nayo, Kirundi, Kiswahili, Kibembe, Kifuliru, iliyo ya mama ndiyo bora. Mkiweza, kwa simu hizohizo rekodini sauti za wazee wenu wakiwa bado nasi. Mimi sikumrekodi bibi. Hilo najuta.

Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo waliingia Burundi wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Zamani sisi tulikimbilia kwao, sasa wao wanakimbilia kwetu. Watoto wao wanamjua Sungura yuleyule. Ukikutana nao, usianze na "ulitoka wapi, uliona nini". Anza na "Kitendawili!" Utasikia watakavyoitikia.

Dada yangu sasa ana binti wa miaka minne. Usiku wa giza, shemeji akiwa ziwani na taa zao zinaonekana mbali kama kijiji juu ya maji, mimi ndiye ninayemlaza. Anadai ya ndege. Juzi aliniuliza yule msichana anaitwa nani. Jina ninalijua, nililisikia mara moja tu ukingoni mwa msitu. Nilikaa kimya kidogo, halafu nikamwambia. Akalirudia mara mbili ili asilisahau, akageukia ukutani, akalala.